Dim Sum za Kuagana

Mara ya kwanza Pui-shan alipomwambia mama yake avae watoke kwenda kunywa chai, Bi Lai-ha alidhani masikio yanamdanganya. Alikuwa jikoni akiosha mchele. Akafunga bomba.

"Wapi?"

"Central, katikati ya mji, Mama. Ile nyumba ya chai ya zamani, wanakosukuma vitoroli vya chakula."

"Leo Jumanne. Huna wageni?"

"Ninao. Nimemwomba mwenzangu awachukue."

Bi Lai-ha akageuka akamtazama bintiye kwa makini. Kazi ya Pui-shan ilikuwa kutembeza wageni hapa Hong Kong. Walitua kutoka Seoul, Taipei, Sydney, na karibu wote, hata kabla ya kufungua mabegi, waliuliza dim sum tamu, vile vitafunwa vya mvuke vya kunywea chai, zinaliwa wapi. Basi alikuwa akiwapeleka kwenye nyumba za chai miaka nenda miaka rudi, hata ikafika mahali harufu tu ya kikapu cha mianzi kinachofuka mvuke inamkata hamu. "Nikiona hagao moja zaidi nitalia," alisema kila akirudi jioni, na siku zake za mapumziko hakutaka kuona kitu mezani ila uji mweupe na mboga. Mama yake alikwenda kunywa chai na majirani. Wao wawili walikwenda pamoja Mwaka Mpya na siku ya kuzaliwa, basi.

Na sasa, Jumanne isiyo na sikukuu wala sherehe, mtoto kaacha kazi ili ampeleke mama kula zile zile hagao.

"Kuna nini?"

"Kwani lazima kuwe na nini? Nimetamani tu kunywa chai na mama yangu. Vaa, tutakosa meza."

Bi Lai-ha akavaa blauzi yake ya kijani.

Nyumba ya chai ilikuwa imefurika. Wageni walisimama nyuma ya viti vya waliokaa, simu mkononi, wakisubiri mtu ameze tonge lake la mwisho wamrithi kiti. Pui-shan aliizoea vita hiyo. Alipenya, akapata nafasi mbili kwenye meza ya duara pamoja na familia ya Wakorea, akasuuza vikombe na vijiti kwa chai ya moto, kisha akamvamia mama wa kitoroli kabla hajafika meza za mbele. Alirudi na vikapu vimepandana mpaka kidevuni: siumai za nyama, hagao za kamba wa baharini zenye ngozi nyembamba inayoonyesha ndani, miguu ya kuku, wali wa kunata uliofungwa kwenye jani la yungiyungi.

"Hivi tunakula, au tunafungua duka?" akauliza Bi Lai-ha.

"Kula, Mama."

Akala. Lakini kila alipoinua macho alimkuta Pui-shan anamtazama, vijiti vimemganda mkononi, kama mtu aliyesimama stesheni akimwangalia msafiri dirishani mwa treni.

"Nina kitu usoni?"

"Hapana."

"Basi acha kunitazama kama picha ya marehemu."

Alisema kwa utani. Pui-shan hakucheka. Aliinama akammiminia chai, na Bi Lai-ha akagonga meza kwa vidole kushukuru.

Walikuwa wawili tu duniani. Mume wa Bi Lai-ha alikuwa amefariki zamani. Pui-shan, mtoto wao wa pekee, aliolewa, ikashindikana, akarudi Sham Shui Po kwenye nyumba yao ya ghorofani, vyumba ambavyo ukitaka kufungua kabati lazima kwanza ufunge mlango. Waligombana kuhusu feni, kuhusu chumvi, kuhusu nani kaacha taa ya bafuni ikiwaka. Hakuna kati yao aliyewahi kufikiria kuishi bila mwenzake.

Wiki chache kabla ya hapo Bi Lai-ha alikuwa ameshikwa na kikohozi kisichosikia dawa ya dukani. Pui-shan alimpeleka kupigwa picha ya kifua. Daktari alimwita binti pembeni, na aliporudi alikuwa anatabasamu kupita kiasi. "Kifua kidogo tu, Mama," akasema. Wakampa vidonge. Kikohozi kikaanza kupungua, na Bi Lai-ha hakulifikiria tena jambo lile.

Lakini chai ile ya Central haikuwa ya mwisho. Siku chache baadaye walikwenda hoteli moja iliyotazama bandari, ambako mhudumu aliyevaa glavu alileta hagao zenye vipande vya dhahabu juu yake. "Hii dhahabu inakwenda wapi, tumboni?" Bi Lai-ha akamnong'oneza bintiye. "Kesho itakuwaje?" Kisha ikafuata duka moja dogo la Kowloon, ambako wageni hupanga foleni barabarani tangu asubuhi na maboksi ya maandazi ya mvuke hutoka dirishani. Kote huko mambo yalikuwa yale yale: vikapu tele, Pui-shan anadonoa kama ndege, na yale macho.

Aliyelipa jina jambo hili alikuwa Bi Kam-fung, jirani wa mlango wa pili, ambaye Bi Lai-ha alifanya naye mazoezi bustanini kila asubuhi. Walikuwa wamekaa kwenye benchi wakijipepea.

"Shoga, unalishwa," akasema Kam-fung.

"Mtoto kunipeleka chai ndiyo kulishwa?"

"Unalishwa kama bata wa sikukuu. Umemsahau Bi Yee wa ghorofa ya juu?"

Bi Lai-ha hakumsahau. Mtoto wa Bi Yee, mwanamume mwenye adabu zake, alianza ghafla kumpeleka mama yake mahoteli. Leo kaa, kesho bata, keshokutwa dim sum. Bi Yee akatamba mtaa mzima. Kisha siku moja likaja gari, mama akapelekwa nyumba ya wazee na sanduku lake, na mtoto, mkewe na wajukuu wakapanda ndege kwenda Manchester.

"Pui-shan hawezi," akasema Bi Lai-ha.

"Mimi nimesema anaweza? Nimesema unalishwa." Kam-fung akajipepea kidogo. "Naye Bi Yee walimpiga picha ya kifua kwanza. Kule nyumba ya wazee hawapokei mtu bila picha ya kifua."

Bi Lai-ha alirudi nyumbani amekasirika, na hasira zote zilikuwa za Kam-fung. Mwanamke gani yule, ulimi kama upanga! Lakini mchana huo huo alipokuwa anaanika nguo dirishani, alimsikia Pui-shan chumbani akizungumza kwenye simu kwa sauti ya chini. "Mwezi ujao ni mbali mno," alikuwa akisema. "Hapana, bado sijamwambia. Ikipatikana nafasi mapema, nipigieni, nitamleta mwenyewe siku hiyo hiyo. Tafadhali."

Shati likamponyoka Bi Lai-ha mikononi, likaanguka mpaka kwenye turubai la muuza matunda huko chini. Hakulifuata.

Nafasi. Nitamleta. Bado sijamwambia.

Siku mbili baadaye nafasi ikapatikana kweli, lakini haikuwa ya kufunga sanduku na kuondoka. Pui-shan alimpeleka tena hospitali, akalazwa kwenye mashine kama tanuri la mkate, akaambiwa ateme makohozi kwenye kikopo. "Daktari anataka picha nzuri zaidi," akasema Pui-shan bila kumtazama. "Ni kipimo cha wazee tu, wote wanapimwa." Bi Lai-ha akatema kama alivyoambiwa. Alishajua wanachopimiwa wazee. Alijilaza mle ndani akifikiria sanduku lipi litabeba nguo za baridi.

Wengine wangelia, wengine wangegombana. Bi Lai-ha alikuwa ameanza kufanya kazi za kiwanda akiwa msichana mdogo, na hakuwahi kusubiri mtu ampangie. Alifikiri hivi: kama kuondoka kupo, nitaondoka kwa miguu yangu, sitabebwa. Akamchukua Kam-fung, wakaenda kuitazama nyumba moja ya wazee, mitaa michache kutoka kwao.

Haikuwa mahali pabaya. Sakafu iling'aa, feni zilizunguka, na msichana mmoja mwenye aproni aliwakaribisha kwa heshima akawatembeza. Kulikuwa na kitanda dirishani ambacho kingekuwa wazi karibuni. Kilichomshinda Bi Lai-ha ni chumba cha kulia. Wazee walikuwa wamekaa mbele ya sahani zenye vilima vitatu vya rojorojo, kimoja cheupe, kimoja cha waridi, kimoja cha njano.

"Ni nini hicho?" akauliza.

"Dim sum, Bibi," msichana akajibu akitabasamu. "Leo ni siku yao ya dim sum. Hiyo ya njano siumai. Tunazisaga wasije wakapaliwa."

Bi mmoja mwembamba alichota kijiko cha siumai iliyosagwa, akakimeza, akafunga macho. Bi Lai-ha hakuweza kujua kama ni raha au vipi.

 Walipofika mlangoni Kam-fung akasema, "Nitakuja kila siku, shoga. Nitakuletea ambazo hazijasagwa."

"Nitapaliwa nife."

"Si bora?"

Wakacheka, na baada ya kucheka Bi Lai-ha akaingia ndani, akakaa kitandani, akalia kidogo na mlango umefungwa.

Asubuhi ya Alhamisi Pui-shan akasema, "Mama, leo twende mlimani."

Alimaanisha ile nyumba ya chai ya kijijini juu ya Tsuen Wan, mlimani, ambako wapanda milima hupita alfajiri na wageni huipenda kwa sababu unajichukulia mwenyewe vikapu kwenye majiko na kujitilia maji ya moto. Pui-shan alikuwa na wageni wa kuwaleta hapo hapo saa tano, kwa hiyo walitangulia mapema wakapata meza ya nje, uani. Hewa ilikuwa baridi na mashamba ya mboga ya kando ya kijito yalikuwa yanatoa ukungu. Mezani kwao alikuwepo mzee mmoja aliyezama kwenye gazeti la mbio za farasi. Aliwasogezea birika bila kuinua macho.

Bi Lai-ha alikuwa ameamua kwamba leo atasema. Alikuwa ameyapanga maneno tangu kwenye basi. Lakini Pui-shan alileta hagao, akaleta keki ya figili, akaleta sahani ya mboga za kijito zilizochemshwa, na kabla mama hajapata mwanya, simu ikalia. Pui-shan akaitazama, rangi ikamtoka.

"Nakuja, Mama."

Akaenda kusimama karibu na sinki la nje, ameipa meza mgongo. Bi Lai-ha aliuona mgongo ule ukikakamaa. Akaona mkono ukienda mdomoni. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Pui-shan alisimama hivyo kwa muda baada ya simu kwisha, akanawa uso kwenye sinki, akarudi macho mekundu kama aliyekata vitunguu.

"Wamekupa nafasi?" Bi Lai-ha akauliza.

"Nafasi gani?"

"Pui-shan, kaa. Mimi najua kila kitu." Yale maneno aliyoyapanga yakatoka yote kwa mkupuo, kama maji ya bomba lililokuwa limeziba. "Usilie. Sijakasirika. Wewe bado una nguvu, una maisha yako, huna ndugu wa kukusaidia kubeba kizee. Kama ni Manchester, nenda Manchester. Kule kuna baridi, chukua lile blanketi langu la pamba. Lakini usinifanye kama Bi Yee, kulishwa halafu kupakiwa kwenye gari. Nimeshajitafutia mwenyewe. Ni pale pale mtaani, pasafi, kitanda kipo dirishani. Chakula ndicho… Chakula nitakizoea."

Pui-shan akajibwaga kitini.

"Mama. Unazungumza habari gani?"

"Nyumba ya wazee."

"Nani kakwambia nakupeleka nyumba ya wazee?"

"Wewe! Kwenye simu! 'Ikipatikana nafasi mapema nitamleta mwenyewe.' Mimi kiziwi?"

"Nafasi ya hospitali!" Pui-shan alisema kwa sauti iliyowageuza watu wa meza ya pili. "Ya kile kipimo, Mama! Ile mashine! Walikuwa wanasema tusubiri mwezi mzima, na mimi nilikuwa siwezi kusubiri, nilikuwa silali!"

"Huwezi kusubiri nini?"

Pui-shan akavuta pumzi. Akamshika mama yake mkono juu ya meza, kitu ambacho hakuwa amefanya tangu mazishi ya baba yake.

"Ile picha ya kwanza ilionyesha kivuli kwenye pafu lako. Kikubwa. Daktari aliniita nje akaniambia nijiandae, huenda ni saratani."

Mzee wa gazeti aliacha kugeuza ukurasa.

"Pafu langu?" akauliza Bi Lai-ha.

"Lako."

"Kwa hiyo si nyumba ya wazee."

"Si nyumba ya wazee."

"Wala Manchester."

"Manchester kuna nani, Mama? Mimi hata mvua ya hapa siipendi."

Bi Lai-ha akaegemea kiti. Akavuta hewa ya mlimani mpaka chini kabisa, akaishusha polepole.

"Aa," akasema. "Kumbe ni saratani tu!"

Mzee akashusha gazeti. "Samahani, dada, mimi si wa kuingilia mambo ya watu," akasema. "Lakini hilo si la kusema 'tu'."

"Si saratani!" Pui-shan alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, kamasi zinamtoka, hajali. "Ndiyo simu ya sasa hivi! Si saratani, Mama! Vipimo vyote vimerudi, mpaka makohozi. Ni kovu. Kovu la zamani sana, la kifua kikuu. Daktari anasema uliwahi kuugua ukapona, na kovu limebaki. Ameuliza kama unakumbuka."

Bi Lai-ha alikumbuka. Alikuwa msichana wa kiwanda cha maua ya plastiki, akakohoa baridi nzima, na mama yake akamtengea kikombe chake peke yake. Wakati ule watu hawakulitaja kwa jina. Alipopona hakuna aliyelizungumza tena, na yeye mwenyewe hakuwahi kumwambia mumewe wala mtoto.

"Nakumbuka," akasema.

"Hukuniambia kitu, Mama!"

"Mimi sikukuambia? Mimi?" Hapo sasa, woga ulipokwisha kuondoka, hasira ikapata mahali pa kukaa. "Wewe umekaa na kifo changu mfukoni karibu mwezi mzima unanilisha hagao za dhahabu, halafu mimi ndiye sikusema? Ningekufa bila habari! Ningekuwa wa mwisho kujua!"

"Nilitaka kukwambia. Kila tulipokaa mezani nilitaka kukwambia."

"Kilikuzuia nini?"

Pui-shan alikichezea kikombe chake. "Baba," akasema. "Baba tulimwambia ukweli siku ile ile. Unakumbuka? Alirudi nyumbani akasukuma bakuli, akasema hasikii njaa. Hakula tena vizuri mpaka alipoondoka. Mimi nikasema, kama na wewe utaacha kula, basi kwanza ule. Nikakupeleka kila mahali ninapowapeleka wageni, kwa sababu watu wa nje wote wamekula huko na mama yangu mwenyewe hajala. Niliona aibu, Mama. Wageni walijua ladha za mji huu kuliko wewe."

 Bi Lai-ha akachukua hagao moja kwa vijiti akaiweka kwenye bakuli la bintiye.

"Sasa sikiliza," akasema. "Mimi si baba yako. Nikiwa nina ugonjwa, niambie. Nikiambiwa nakufa nitakula zaidi. Ila nikidhani natupwa, hicho chakula hakipiti. Hizo dim sum zote nilizimeza kama kwinini. Ile hoteli ya dhahabu sikumbuki hata nilikula nini! Umenipotezea chakula chote kile bure."

"Tutarudi."

"Tutarudi. Kote. Na wewe utakula, si kudonoa."

Pui-shan akaitazama ile hagao bakulini, akaitia mdomoni yote kwa pamoja, akatafuna. Kisha akachukua nyingine. Kumbe naye hakuwa amekula chakula cha maana tangu siku ya picha ya kwanza, na sasa njaa yote ilimrudia kwa wakati mmoja. Akaenda kwenye majiko, akarudi na vikapu vya siumai na maandazi ya nyama, akarudi tena kufuata keki ya mvuke. Mzee akakunja gazeti lake ili kuwapa nafasi.

"Hongera, dada," akamwambia Bi Lai-ha. "Leo hata nikipoteza farasi wote, nimeona mtu kashinda."

"Kula siumai, kaka. Huyu kaleta za kulisha harusi."

Bi Lai-ha akatoa simu akampigia Kam-fung, na kwa kuwa Kam-fung alikuwa na masikio mazito, alilazimika kupaza sauti. "Kam-fung! Sifi! Ndiyo, sifi, wala siendi popote! Nani alisema nakufa? Hakuna aliyesema, ndiyo maana nakwambia! Mwambie yule msichana kitanda ampe mwingine! Eee? Kelele za nini? Niko mlimani! Wee, unalia nini sasa, mjinga wewe, acha, utanifanya na mimi nilie, nakula!"

Mpaka wapanda milima wa meza ya pembeni walikuwa wanapiga makofi.

Saa tano wageni wakafika, mume na mke wa makamo kutoka Ipoh na binti zao wawili, kamera shingoni. Pui-shan alinyanyuka akajipangusa uso, akataka kumtafutia mama yake gari la kumrudisha nyumbani, lakini Bi Lai-ha hakuonyesha dalili ya kunyanyuka. Watu wa Ipoh wanazungumza Kikantoni kama yeye, tena chenye mahadhi matamu, na hakuona kwa nini aondoke mazungumzo yanapoanza.

"Huyu ni mama yangu," akasema Pui-shan. "Leo… leo yuko nasi."

"Karibuni, karibuni, kaeni," akasema Bi Lai-ha, tayari anasuuza vikombe vyao. "Safari njema? Mmekula? Hamjala. Nyie wasichana, nendeni kwenye majiko mkachague wenyewe, msimwachie baba yenu, wanaume huchukua miguu ya kuku tu."

Wasichana wakaenda wakicheka, wakarudi na vikapu, wakavifungua, mvuke ukapanda. Kisha wote wanne wakatoa simu. Wakapiga picha kikapu kwa juu, wakapiga kwa ubavuni, mmoja akasogeza birika lionekane, mwingine akasema mwanga haujakaa sawa, akasimama juu ya kiti.

Pui-shan alishazoea hilo. Alikuwa amesubiri picha za namna hiyo maelfu ya mara bila kusema neno, maana ndiyo kazi. Bi Lai-ha alivumilia kwa kitambo, akiitazama ngozi ya hagao inavyoanza kukauka, kisha akashindwa.

"Jamani wanangu!" akasema, akachukua vijiti akaanza kuwagawia mmoja mmoja, kwenye bakuli, mpaka yule aliyesimama juu ya kiti. "Mlima utawangoja, mimi nitawangoja, simu itawangoja. Hizi haziwangoji. Kuleni kwanza, zinapoa!"

Wakakaa, wakala.